Raspberry Pi 4 hatua kwa hatua: kuunganisha umeme na vifaa bila kuunguza bodi

Saa tano usiku simu yangu iliita. Alikuwa mama mwenye duka la samaki, ambaye siku tatu kabla nilikuwa nimemfungia kifaa kidogo cha kufuatilia joto la friza yake. "Mwanangu, king'ora kinalia, na hapa naona nyuzi themanini na tano. Friza imeungua?" Nikamwomba aifungue aguse samaki. Akarudi kwenye simu: "Wameganda kama mawe."

Friza ilikuwa nzima. Kibovu kilikuwa kiungo cha waya nilichokisokota kwa mkono bila kukilehemu. Kila kilipolegea, sensa ilikatikiwa na umeme kwa kitambo kidogo, na sensa aina ya DS18B20 ikiwaka upya, kabla haijapima chochote, hushika namba 85 kwenye kumbukumbu yake. Programu yangu ikaisoma namba hiyo na kuiamini.

Nimeshaletewa bodi nyingi zinazosemekana zimekufa, au zina "virusi", au zinajizima ovyo. Nyingi zilikuwa na shida ya namna hiyo hiyo: umeme haufiki inavyotakiwa, ama kwenye bodi yenyewe ama kwenye kifaa kilichounganishwa nayo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na umeme, unaupima, halafu ndipo unaongeza kifaa kimoja kimoja. Nitatumia Raspberry Pi 4 Model B, kompyuta ndogo ya bodi moja iliyotoka mwaka 2019, kwa kuwa ndiyo iliyozagaa mikononi mwa watu. Kazi yetu itakuwa ile ile ya duka la samaki: bodi, saa ya kutunza muda, sensa ya joto, relei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya king'ora, diski ya kuhifadhi kumbukumbu, na mwisho betri ya volti 12 kwa siku umeme ukikatika.

Andaa meza

Usiweke bodi juu ya bati, juu ya kompyuta mpakato, wala juu ya ile karatasi inayong'aa iliyokuja nayo. Chini ya bodi kuna ncha za lehemu zilizo wazi, na chuma chochote kikigusa mbili kwa pamoja umepiga shoti. Mbao au gazeti kavu vinatosha. Kabla ya kuishika, gusa kitu kikubwa cha chuma, kama fremu ya dirisha, ili umeme tuli wa mwilini utoke. Bodi ishike kwa kingo.

Unahitaji chaja na waya wake, memori kadi ya GB 16 au zaidi, waya wa skrini, kibodi, mausi, na mita ya kupimia volti. Mita si anasa. Hata ile ya bei nafuu kabisa, ya rangi ya njano inayouzwa kila duka la vifaa vya umeme, inafaa kwa kazi hii. Asiye na mita atabadilisha kadi mara tatu na kuweka programu upya mara nne, kumbe tatizo ni waya wa chaja.

Hatua ya 1: chaja na waya wake

Pi 4 inataka volti 5 na uwezo wa ampea 3, kupitia tundu la USB-C. Chaja rasmi hutoa volti 5.1, na hiyo 0.1 imewekwa kwa makusudi, kufidia kinachopotea njiani. Bodi tupu ikifanya kazi hula takribani ampea 0.6. Matundu yote manne ya USB kwa jumla yanaruhusiwa kutoa hadi ampea 1.2. Ongeza sensa na relei, utaona kwa nini chaja ya ampea 1 ya simu ya zamani haiwezi.

Chukua chaja yako, iweke karibu na jicho, usome maandishi madogo. Tafuta neno OUTPUT. Chaja nyingi za simu zinazojitangaza kuwa za kasi huandikwa hivi: 5V 2A, 9V 2A. Wati 18 wanazokutangazia kwenye boksi zinapatikana kwenye volti 9. Pi 4 haiombi volti 9. Itabaki kwenye 5, na hapo chaja hiyo ni ya ampea 2 tu. Unachotaka kuona ni 5V 3A. Chaja ya kompyuta mpakato yenye USB-C haiunguzi Pi, maana chaja za aina hiyo huanza na volti 5 na hazipandishi mpaka kifaa kiombe.

Sasa waya, na hapa sitapita haraka, kwa sababu ndipo wengi wanapoangukia. Waya wa shaba una ukinzani, na jinsi ulivyo mwembamba na mrefu ndivyo unavyokula volti. Chukua waya wa kawaida wa kuchajia simu, urefu mita 1, ambao nyuzi zake za umeme zina unene wa milimita za mraba 0.08. Kila mita ya uzi kama huo ina ukinzani wa karibu omu 0.21. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 2: omu 0.43. Bodi ikivuta ampea 2, volti 0.86 inapotelea ndani ya waya. Chaja imetoa 5.1, bodi inapokea 4.24. Pi huanza kulalamika ikishuka chini ya 4.63.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa waya wa milimita za mraba 0.5. Ukinzani wa kwenda na kurudi ni karibu omu 0.07, kinachopotea ni volti 0.14, bodi inapata 4.96. Chaja ni ile ile, bodi ni ile ile, kilichobadilika ni waya. Ndiyo maana chaja ambayo waya wake umeungana nayo moja kwa moja, mnene na mgumu kukunjika, huwa salama kuliko waya mzuri wa kusokotwa wenye rangi za kupendeza.

Jambo moja zaidi kwa wenye bodi za mwanzo kabisa za Pi 4: zilikuwa na kasoro kwenye tundu la USB-C, hazielewani na nyaya zenye chipu ndani, zile zinazokuja na kompyuta mpakato za bei kubwa. Ukichomeka haziwaki kabisa. Usiitupe bodi, jaribu waya wa kawaida usio na chipu. Kasoro hiyo ilirekebishwa kwenye matoleo yaliyofuata.

Hatua ya 2: kadi, skrini, na kuwasha mara ya kwanza

Andika mfumo kwenye kadi kwa programu ya Raspberry Pi Imager ukiwa kwenye kompyuta nyingine. Humo humo weka jina la mtumiaji, nywila, na mtandao wa Wi-Fi. Kadi inaingia upande wa chini wa bodi, maandishi yake yakitazama nje. Haina spiringi ya kubofya. Isukume taratibu mpaka ifike mwisho.

Skrini ichomeke kabla ya umeme. Pi 4 ina matundu mawili ya micro HDMI, na la kutumia kwanza ni lile lililo karibu na tundu la umeme. Ukichomeka lile la pili huenda usione kitu mwanzoni, ukadhani bodi imekufa. Washa skrini, uiweke kwenye chanzo sahihi, kisha ndipo uwashe bodi.

Kibodi na mausi viweke kwenye matundu meusi ya USB 2.0. Ya bluu, ya USB 3.0, yaachie diski. Ipo sababu nyingine pia: kifaa cha USB 3.0 kikiwa kazini hutoa kelele kwenye masafa ya GHz 2.4, ambayo ndiyo yanayotumiwa na mausi zisizo na waya na Wi-Fi. Kile kipokezi kidogo cha mausi kikikaa jirani na diski, mshale wa mausi utakuwa unarukaruka.

Mwisho kabisa, chomeka umeme. Pi 4 haina swichi, ukichomeka, imewaka. Angalia taa mbili pembeni. Nyekundu ni ya umeme, na inatakiwa ikae bila kuyumba. Ikizimika na kuwaka, volti zinashuka, rudi hatua ya 1. Kijani humeta bodi inaposoma kadi. Nyekundu ikiwaka peke yake na kijani kimetulia tuli, kadi haisomeki: ichomoe, irudishe, au iandike upya.

Hatua ya 3: pima kabla hujaongeza chochote

Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Kwenye safu ya pini 40, pini 1 ni ile iliyo pembeni upande wa kadi, safu ya ndani; kwenye ubao, upande wa nyuma, utaona lehemu yake ni ya mraba ilhali nyingine ni za duara. Pini 2 iko mkabala nayo, ukingoni mwa bodi. Pini 2 na 4 ni volti 5. Pini 6 ni graundi, yaani upande hasi. Gusisha ncha nyekundu kwenye pini 4 na nyeusi kwenye pini 6, usome.

Mkono usitetemeke hapa. Ncha ya mita ikiteleza ikagusa volti 5 na pini 1 kwa pamoja, ambayo ni ya volti 3.3, unaweza kuua bodi papo hapo. Mimi huvika nyaya mbili za jampa (nyaya fupi zenye vichwa vya kuvalia pini) kwenye pini 4 na 6 bodi ikiwa imezimwa, kisha napimia mbali, kwenye ncha za nyaya hizo.

Bodi ikiwa imetulia, mita ionyeshe kati ya 4.9 na 5.1. Halafu ipe kazi: fungua video, fungua kurasa kadhaa za intaneti, tazama mita. Kushuka kidogo ni kawaida. Ikifika 4.7, badilisha waya leo, usingoje. Kisha iulize bodi yenyewe, kwa kuandika amri hii kwenye terminal, lile dirisha la kuandikia amri:

vcgencmd get_throttled

Jibu zuri ni 0x0. Ukipata 0x50005, sasa hivi umeme uko chini na bodi imejipunguzia kasi. Ukipata 0x50000, hali hiyo ilitokea tangu ilipowashwa, ingawa kwa sasa imetulia. Amri hii fupi imeniokolea saa nyingi kuliko chombo kingine chochote nilicho nacho. Usiende hatua inayofuata mpaka uone 0x0.

Hatua ya 4: diski

Flashi ndogo haina neno. Diski ya kuzunguka ya inchi 2.5 ni habari nyingine: inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 1 kwa sekunde chache. Peke yake huenda ikapita chini ya ule ukomo wa 1.2, ukiweka na modemu ya intaneti pembeni, umevuka. Utasikia diski ikilia tik, tik, ikijaribu kuanza na kushindwa. Ukiendelea kuilazimisha, data itaharibika.

Suluhisho ni habu ya USB (kigawanyaji cha matundu) yenye chaja yake. Angalia tu kitu kimoja: zipo habu zinazorudisha volti 5 kwenye bodi kupitia waya wa data. Jaribio lake ni rahisi. Chomoa chaja ya Pi, acha habu ikiwa na umeme. Taa nyekundu ya Pi ikiendelea kuwaka, hata kwa ufifi, habu hiyo inarudisha umeme, na mimi singeiacha kazini. Au epuka habari zote hizi kwa kutumia SSD, ambayo haina mota ya kuzungusha.

Kwa kamera nasema kwa kifupi: zima bodi, inua kibanio cha plastiki taratibu, ingiza utepe huku meno yake ya fedha yakitazama upande wa matundu ya HDMI, shusha kibanio. Usiichomeke wala kuichomoa bodi ikiwa na umeme.

Hatua ya 5: pini 40

Hapa ndipo bodi huungulia, basi kanuni moja uishike kama jina lako: pini za data za Pi ni za volti 3.3. Hazistahimili volti 5. Kifaa cha Arduino kinachorudisha ishara ya volti 5 kikiunganishwa moja kwa moja kitaua pini, na pengine bodi nzima. Ukilazimika, kama kwa sensa ya umbali ya HC-SR04, gawanya volti kwa rezista mbili: omu 1,000 kutoka kwenye waya wa ishara hadi pini, na omu 2,000 kutoka kwenye pini hiyo hadi graundi. Tano mara mbili ya tatu ni 3.33, na hiyo pini inaivumilia.

Pini ya data pia si ya kulisha mota wala taa kubwa. Mwisho wake ni miliampea 16, na ni vyema ukae chini zaidi ya hapo. Pini hutoa amri tu. Nguvu itoke kwingine.

Kila unapounganisha waya: zima bodi kwa amri, ngoja kijani kiache kumeta, chomoa chaja, unganisha, hesabu pini tena, ndipo uwashe.

Tuanze na saa. Pi 4 haina saa ya betri. Bila intaneti, ikizimika haijui leo ni lini, na kumbukumbu za joto zisizo na tarehe hazimsaidii mwenye duka. Moduli ya DS3231 unganisha hivi: VCC (umeme) kwenye pini 1, SDA (data) pini 3, SCL (mapigo ya mawasiliano) pini 5, GND (graundi) pini 9. VCC iende kwenye volti 3.3, hata kama muuzaji kakwambia inakubali 5. Sababu ni mbili. Moduli hiyo ina rezista zinazovuta nyaya za data hadi volti za VCC, kwa hiyo ukiipa 5, umepeleka 5 kwenye pini za Pi. Pili, moduli nyingi za bluu zinazouzwa kwa jina la ZS-042 zina saketi ya kuchaji betri, na betri ya CR2032 haichajiwi, ikilazimishwa huvimba. Kwa volti 3.3 saketi hiyo haifikii kiwango cha kuchaji.

Washa, ruhusu I2C (njia ya nyaya mbili ambayo saa huwasiliana nayo na bodi) kwa kutumia raspi-config, programu ya mipangilio ya bodi, kisha andika:

i2cdetect -y 1

Kwenye jedwali itokee 68, na huenda na 57, ambayo ni chipu ya kumbukumbu iliyomo kwenye moduli hiyo hiyo. Usipoona kitu, karibu kila mara SDA na SCL zimebadilishana. 68 ikitokea, fungua faili la /boot/firmware/config.txt, ongeza mstari huu, uwashe upya:

dtoverlay=i2c-rtc,ds3231

Sasa ile 68 itageuka kuwa UU. Maana yake mfumo umeishika saa. Ukiwa na intaneti andika sudo hwclock -w ili saa ipokee muda sahihi.

Halafu sensa ya joto. DS18B20 ya kuzamisha, ile yenye kichwa cha chuma, ina nyaya tatu. Kwa kawaida nyekundu ni umeme, nyeusi graundi, njano data, ila nimekutana na zenye rangi nyingine, kwa hiyo soma karatasi ya muuzaji. Nyekundu pini 17, ambayo nayo ni volti 3.3, nyeusi pini 14, njano pini 7. Kati ya nyekundu na njano weka rezista ya omu 4,700. Bila rezista hiyo waya wa data hauna wa kuushika juu, na sensa haitaonekana kabisa. Rangi za rezista ni njano, zambarau, nyekundu.

Viungo vilehemu. Vika kila kiungo mpira wa kusinyaa kwa joto, halafu kaza waya kwa kibanio ili mtu akifungua friza asiuvute. Bodi yenyewe ikae mbali na friza, ndani ya boksi: hewa yenye unyevu ikikutana na baridi hugeuka maji, na huku pwani maji hayo yana chumvi, inayokula shaba haraka.

Ongeza dtoverlay=w1-gpio kwenye config.txt, washa upya, kisha:

cat /sys/bus/w1/devices/28-*/w1_slave

Utapata mistari miwili. Wa kwanza uishie na YES, yaani data imefika salama. Wa pili unaishia hivi: t=-18125. Gawa kwa 1,000. Friza iko nyuzi hasi 18.125. Ukiona t=85000, usipige kelele. Umeshajua maana yake: sensa imewaka upya bila kupima. Ndani ya programu itupe namba hiyo usome tena, lakini usiishie hapo. Tafuta waya uliolegea.

Sasa relei ya king'ora. Moduli ya kawaida ya relei moja au mbili ina koili ya volti 5 inayovuta miliampea 70 hadi 90 kwa kila relei, kwa hiyo koili ilishwe na pini 4, wala si pini ya data. Ipo hila moja inayosumbua watu. Moduli hizi huwaka pini ya IN ikishuka hadi sifuri. Ukiipa VCC volti 5, na Pi ikasema "zima" kwa kupandisha pini hadi 3.3, inabaki tofauti ya volti 1.7, inayoweza kutosha kuacha taa ndogo ya ndani ya moduli, inayoiamuru relei, ikiwaka kidogo. Relei inakwama, haizimiki. Kama moduli yako ina pini ya JD-VCC na jampa ndogo juu yake, ng'oa jampa hiyo. JD-VCC ipeleke pini 4, GND yake pini 20, VCC ipeleke kwenye volti 3.3, na IN ipeleke pini 11, inayoitwa GPIO17 kwenye programu. Kwa kuwa pini za 3.3 ni mbili tu na tumeshazitumia zote, gawa moja kwa kipande cha bredibodi (ubao wa matundu wa kuunganishia nyaya bila lehemu), au lehemu nyaya mbili kuwa moja.

Kupitia relei unganisha king'ora cha volti 12 tu. Kama unataka relei iwashe na kuzima kitu cha umeme wa ukutani, mwite fundi umeme mwenye leseni afanye upande ule. Volti 230 hazikupi nafasi ya kujaribu tena.

Hatua ya 6: waya wa kuokolea

Siku skrini haionyeshi kitu na mtandao haupatikani, nyaya tatu zitakuonyesha bodi inasema nini. Nunua adapta ya USB kwenda serial, ya volti 3.3. Graundi yake iende pini 6. TX (inayotuma) ya adapta iende pini 10, ambayo ni RX (inayopokea) ya Pi. RX ya adapta iende pini 8. Vinapishana: anayesema anaelekezwa kwa anayesikiliza. Waya mwekundu wa adapta uache ukining'inia, ufunge utepe; Pi ina umeme wake tayari.

Weka enable_uart=1 kwenye config.txt, na kwenye kompyuta yako fungua programu ya serial kwa kasi ya 115200. Chomeka umeme wa Pi, mistari itaanza kushuka. Maandishi yakiwa takataka, kasi si sahihi. Kukiwa kimya, badilisha TX na RX.

Hatua ya 7: betri ya volti 12

Umeme ukikatika ghafla katikati ya kuandika, kadi huharibika. Betri inaondoa tatizo hilo, tena inalisha na king'ora.

Kwanza hesabu. Tuseme kifaa chako chote kinakula wati 5. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7, ile ndogo ya asidi, ina wati-saa 84. Betri ya asidi usiitumie kupita nusu kama unataka idumu: zinabaki 42. Kipunguza volti nacho hupoteza, tuseme kinafikisha asilimia 85: takribani 36. Gawa kwa 5, ni saa 7. Kwako wanakata umeme kutwa nzima? Chukua betri kubwa zaidi.

Kipunguza volti cha LM2596 ni rahisi kupata na kinahimili volti 14.4 za betri inapochajiwa. Kimeandikwa ampea 3, lakini kwa kazi ya mfululizo mimi sikipitishi 2 bila kukigandishia kipande cha alumini cha kupoozea.

Fuata mpangilio huu. Weka fyuzi ya ampea 3 kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, si karibu na bodi. Unganisha kipunguza volti bila Pi. Zungusha skrubu ndogo ya shaba. Nyingi huhitaji mizunguko mingi kabla namba haijaanza kushuka, usikate tamaa. Simama kwenye 5.1. Dondoshea skrubu tone la rangi ya kucha ili isisogee. Pima tena. Hakikisha chanya ni chanya. Ndipo uchomeke Pi, kupitia tundu la USB-C, kwa waya mnene na mfupi. Wapo wanaolisha kupitia pini 2 na 6. Inafanya kazi, lakini ukigeuza nyaya hizo mara moja tu bodi imekwenda, ilhali plagi ya USB-C ni sawa upande wowote utakaoichomeka.

Hatua ya 8: saa 24

Iache ikifanya kazi siku nzima, na kila kitu kimeunganishwa, kabla hujaipeleka kwa mtu. Liza king'ora mara kumi huku diski ikiandika. Vuta kidogo kila waya uone kama joto linaruka. Kata umeme wa ukutani, irudishie, uone kama bodi imehisi. Funga boksi, uangalie joto la chipu kwa vcgencmd measure_temp. Likikaribia nyuzi 80 bodi itajipunguzia kasi, na hapo toboa matundu ya hewa au weka feni.

Asubuhi yake andika tena vcgencmd get_throttled. Kwa yule mama nilirudi na chuma cha lehemu, nikaunga upya viungo vyote vitatu, nikavivika mpira, nikakaa dukani mpaka jioni nikinywa chai yake. Nilipoandika amri hiyo kabla ya kuondoka ilinijibu 0x0, na sensa ilisoma hasi 18.

Kuzima, siku zote ni kwa amri:

sudo shutdown -h now

Ngoja kijani kitulie, kisha chomoa.